Mlimani, Mwambie Saba

Nilisikia sauti kabla sijaona nyumba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi asubuhi ile, na gari lililonitoa Mugumu lilinishusha mahali ambapo dereva alisema ni kambi ya watalii, likaondoka. Sikuona hema wala mtu. Nilisikia mkwaruzo tu, kama mtu anayeburuta gunia la mahindi juu ya bati, na ndani ya mkwaruzo ule sauti ya mwanamume: "Kambi, Kambi, hapa Saba." Kimya. Halafu tena, polepole zaidi: "Kambi, hapa Saba. Mpo kweli?"

Niliifuata mpaka mkono wangu ukagusa ukuta wa mabati. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza, kiti kitupu, na redio yenye taa nyekundu, inaita. Mimi nimelelewa Nyansurura. Kwetu mtoto akisikia anaitwa akanyamaza, huchapwa kwanza na kuulizwa baadaye. Nikachukua maiki, nikabonyeza kitufe, nikasema kama mama alivyonifundisha:

"Abee!"

Kicheko kikatoka ndani ya redio, cha mtu mmoja, wa pili, wa tatu. Sikujua kwamba magari yote husikilizana.

"Abee ndiye nani?" sauti ile ikauliza.

"Ni mimi, Bhoke. Nimekuja kuomba kazi."

"Kazi umeshaianza, mama. Mwambie Makuru akimaliza kuoga, Saba ana pancha, na jeki imegoma."

Mzee Makuru, opareta mkuu, Mwikoma mwembamba aliyeongea kama anayeogopa kumaliza betri, alitokea ukunguni na taulo begani. Akaniuliza nani kaniruhusu kugusa chombo. Nikasema kuna mtu alikuwa anaita. "Na ungemjibu nini?" Nikamwambia sikujua, nilitaka tu ajue kuwa amesikika. Alinitazama, akaenda kuvaa shati. Aliporudi alisogeza kiti kingine mezani.

Wanangu mnaoingia leo katika chumba kile cha redio, hivyo ndivyo nilivyoingia mimi. Nimestaafu nikiwa na masikio mazima na jina ambalo kila dereva kutoka Sirari mpaka Morotonga analijua. Nasema haya kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Ukutani, juu ya redio, palikuwa na kibao cha Kiingereza: ANSWER EVERY CALL. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, na darasani "answer" niliikuta kwenye karatasi za mtihani tu: jibu maswali yote. Kwa hiyo siku za mwanzo nilifanya redio kama mtihani. Dereva akiita, nilinyamaza kwanza nikitafuta jibu sahihi. Trekta liko wapi? Lango linafungwa saa ngapi? Nikishalipata, ndipo nabonyeza. Madereva walikuwa wanapiga kelele: "Kambi mmekufa?"

Makuru alinifundisha neno lile upya, na nawapa kama nilivyopewa. Sisi tuna vitenzi vingi, kila kimoja na kazi yake. Aliyeitwa huitika. Aliyeulizwa hujibu. Aliyesalimiwa huitikia. Simu inapokewa, na anayepiga hodi anakaribishwa. Mwingereza kazi zote hizo anambebesha punda mmoja: answer. Ana-answer swali, ana-answer simu, ana-answer mlango, ana-answer jina lake. Ana "reply" pia, lakini huyo ni ndugu mpole anayekaa na barua na maneno. Simu hapokei, wala mlangoni haendi.

"Sasa," akasema Makuru, "hapo ukutani punda amebeba mzigo gani?"

"Kujibu."

"Kuitika. Jibu linaweza kungoja. Mtu aliyekwama kwenye tope, pumzi yake ya kwanza haiulizi trekta liko wapi. Inauliza kama kuna mtu."

Na kuitika kwenyewe kuna ufundi. Maiki ikae ngumi moja kutoka mdomoni. Bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme, kwa sababu redio hula mwanzo wa neno. Kabla sijafika, opareta mmoja alimwambia dereva "usivuke" huku kidole kikichelewa. Dereva akasikia "vuke," akavuka. Gari lilipatikana, dereva alipatikana amekaa juu ya mti akitukana. Tangu siku ile hatusemi "usivuke" kwenye redio yetu. Tunasema "baki hapo." Hata likiliwa nusu, halimpeleki mtu majini.

Mwalimu wangu mwingine wa neno hili alikuwa meneja, Madam Achieng, aliyetoka ng'ambo ya Sirari, mwanamke mkubwa, mwepesi wa miguu, anayenukia karafuu. Yeye alilitumia "answer" kama mwiko wa jikoni. "Bhoke, hebu answer hiyo simu." "Kwani hakuna mtu wa ku-answer mlango?" Glasi zikivunjika na anataka mlipaji: "Mtu ata-answer for hizi glasi." Ukijitetea: "Na usini-answer back." Nilikuwa nayaokota kama kuni, kijiti hiki na kile, na jioni namwonyesha Makuru. Tulicheka sana.

Ile sauti ya siku ya kwanza, ya Saba, ilikuwa ya Mzee Mwita. Kila gari lilikuwa na namba, na dereva aliitwa kwa namba ya gari lake. Alikuwa mtu wa Tarime aliyehamia Busawe, na hakuna aliyeijua mito ya kule kumzidi. Alikuwa rafiki yangu wa hewani. Asubuhi akianza safari: "Kambi, hapa Saba. Umekunywa uji au nikuletee nyati?" Nami: "Saba, nyati huyo mle wewe na meno uliyobakiza." Magari mengine yanacheka. Hivyo siku ilianza.

Kisha nikaolewa na mwanawe, Chacha. Alikuja kambini kufunga sola, na mengine hayawahusu.

Wengi wenu mmezaliwa katika nyumba zilizolegeza mila, kwa hiyo nieleze. Katika nyumba niliyoolewa mimi, mke wa mwana na baba mkwe wana heshima kama ukuta. Akiingia yeye, natoka mimi. Simtaji jina, simpi kitu mkononi, simwambii neno wala haniambii. Kukiwa na haja, neno hupita kwa mtu wa tatu, mtoto au wifi. Nilimuuliza mama mkwe: na nikiwa peke yangu na yeye uani? Akasema bila kucheka, "Sema na kuku." Na nilisema. "Wewe kuku, mwambie baba ugali uko tayari." Kuku akaendelea kudonoa, na baba akaingia kula.

Nyumbani ilikuwa rahisi. Nilirudi kazini baada ya harusi, asubuhi ya kwanza, nikavaa shati la kazi, nikakaa. Redio ikakwaruza. "Kambi, Kambi, hapa Sa..." Ikakatika. Alikuwa amekumbuka. Mimi pia nilikuwa nimeshabonyeza, na kidole changu kilikaa pale juu ya kitufe, sisemi, magari yote yakisikia pumzi yangu. Sauti niliyoizoea kuliko zote ndiyo iliyokuwa imekatazwa kwangu.

Tangu siku ile Saba hakuita tena katika zamu yangu. Aliondoka alfajiri kimya, akarudi jioni kimya. Madereva, mnawajua.

"Saba, umemeza ulimi?"

"Muacheni, mura, ng'ombe wa mahari wamemkalia kooni."

Mimi nilinyamaza. Na mtu wa redio akianza kunyamaza, kazi imekwisha.

Madam alinifuata. "Kwa nini hu-answer Saba?"

"Madam, ni baba mkwe wangu."

"Sawa, hongera. Sasa kwa nini hu-answer?"

"Kwetu hatuzungumzi."

"Bhoke, hata mimi niko na mkwe. Kila Jumapili ananiimbia kwa simu." Akaonyesha kibao ukutani. "Hiyo haisemi answer kila call isipokuwa ya mkwe. Gari liko porini na wageni, na hakuna mtu hapa anajua liko wapi. Mwezi ukiisha hujam-answer, unaenda laundry. Mashuka hayana mkwe."

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ningemjibu baba mkwe moja kwa moja, magari yote yangesikia, na nusu ya madereva ni watu wa Tarime. Kabla ya jua kuzama habari ingefika Busawe kwamba mke wa Chacha amefungua mdomo mbele ya mkwewe. Mama mkwe asingenigombeza. Angenyamaza, na kimya chake ningekula nacho miaka yote. Nisingejibu, ningeiacha kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote isipokuwa Chacha, na kuna siku hata Chacha alikuwa wa pili.

Makuru alifikiri siku nzima. Jioni, akifunga taulo lake, akasema, "Nyumbani unasema na nani?"

"Na kuku."

"Basi tafuta kuku." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye kilima.

Kule juu kulikuwa na kituo chetu chenye antena ndefu, na askari aitwaye Marwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupokeza maneno ya magari yaliyo mabondeni. Tulimwita Mlimani. Asubuhi iliyofuata nikavuta pumzi.

"Mlimani, hapa Kambi. Mwambie Saba atupe mahali alipo."

Marwa, kijana wa watu, akashangaa. "Kambi, Saba si anakusikia mwenyewe? Yuko hapo chini tu."

"Mwambie hivyo hivyo."

Halafu, sauti ile niliyoikosa majuma mengi: "Mlimani, mwambie Kambi niko kwenye mkuyu ulioanguka. Simba wamelala, wageni wanangoja waamke."

Mngesikia kelele za madereva. Mmoja alipiga honi mpaka wageni wake wakauliza kuna nini. Madam peke yake hakufurahi. "Hii ni sarakasi," alisema. "Siku Marwa hayuko, je? Laundry iko pale pale."

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu nawasikia mkisema mambo hayo ni ya zamani. Leo gari ni kidoti kwenye skrini. Mnajua Saba yuko wapi hata akiwa bubu. Mnaandikiana kwa simu, na ujumbe ukisomwa zinatokea alama mbili za buluu. Ni vizuri, mimi mwenyewe ninazo. Lakini nimeona vijana wakikaa mbele ya kidoti kilichosimama mtoni, wakakitazama, wakasema "tumemwona." Yule aliye mtoni hajui kwamba ameonwa. Alama za buluu zinasema nimesoma. Hazisemi nipo. Lile neno la ukutani linataka la pili.

Turudi kambini. Siku moja mvua ilikuja mchana, kutoka upande wa ziwa, nyeusi. Makuru alikuwa Mugumu kutafuta betri. Magari mengine yalikuwa yamevuka hadi ukingo wa mbali wa mto, ambako redio haifiki. Radi ilipiga mara moja, karibu sana, mpaka vikombe vikalia mezani, na nilipotazama dirishani antena ya kilimani ilikuwa imelala upande. Marwa alishuka salama, tulimwona jioni. Redio yake ilikuwa imeungua.

Ndipo nikasikia: "Mlimani, Mlimani, hapa Saba."

Mlimani hakuitika.

"Mlimani, hapa Saba. Niko kwenye kivuko. Mlimani."

Nyuma ya sauti yake nilisikia maji. Wanangu, maji yana sauti yake redioni, si kama mvua. Mvua inakaanga. Maji ya mto yanaguna. Na alikuwa anaita kilima ambacho mimi nilikuwa nakiona kimekufa. Hakuita Kambi. Msiseme ni ukaidi. Heshima ya mzee yule haikuwa koti la kuvuliwa kwa sababu kumenyesha.

Maiki ilikuwa mkononi. Nilifikiri: nikimwita kwa jina lake sasa, Mungu atanisamehe, na Busawe pia itanisamehe, siku moja. Nikavuta pumzi. Na katika pumzi ile nikamwona kuku wa uani akidonoa. Kuku yule hajawahi kupeleka neno. Hakuelewa hata moja. Nilisema na kuku, na baba alisikia.

"Mlimani, hapa Kambi," nikasema. "Mwambie Saba nimemsikia."

Redio ikakaanga mvua. Halafu, sauti imebadilika, imeshuka kama mtu aliyetua mzigo: "Mlimani, mwambie Kambi maji yamefika mlangoni. Injini imezima. Wageni wawili, wazee."

"Mlimani, mwambie Saba afungue paa, wageni wapande juu, wajifunge kwenye keria. Mlango wa upande maji yanakoelekea asiuguse. Trekta linatoka sasa hivi." Nikapiga kelele dirishani, dereva wa trekta akakimbia.

"Mlimani, mwambie Kambi mama mgeni anaogopa kupanda."

"Mlimani, mwambie Saba amwambie atazame ukingo, asitazame maji."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Madam, amelowa, viatu mkononi. "Bhoke, Mlimani iko off. Nimeona radi ikiipiga kwa macho yangu. Unaongea na nani?"

"Naongea na mlima, Madam."

Akanyoosha mkono kuchukua maiki. Nikamzuia kwa kiganja. Sikuwahi kufanya hivyo kabla, na sikuwahi tena. "Madam," nikasema, "akisikia sauti nyingine atajua nimeondoka."

Redio ikasema: "Mlimani, mwambie Kambi mama amepanda."

Madam alishusha mkono. Akakaa juu ya kreti la betri, maji yakimtiririka, akasikiliza. Na mimi nikaendelea. Maelekezo yaliisha mapema. Kuna mambo machache tu ya kumwambia mtu aliye mtoni. Baada ya hapo nilisema kile kilichobaki: "Mlimani, mwambie Saba Kambi ipo." Nanyamaza, nahesabu pumzi zangu, narudia. "Mlimani, mwambie Saba Kambi ipo." Naye kila mara: "Mlimani, mwambie Kambi nimesikia." Sikuwa na jibu lolote la kumpa. Trekta lilikuwa linapambana na tope, sikujua litafika lini. Nilikuwa naitika tu, na ile ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote katika maisha yangu.

Mwishowe nilisikia ngurumo ya trekta ndani ya redio, na watu wakigombania kamba. Halafu: "Mlimani, mwambie Kambi tuko ukingoni. Wote. Wageni wanaulizia chai."

Niliweka maiki mezani, na vidole vyangu vikakataa kunyooka.

Madam alibaki pale juu ya kreti lake. "Sasa niambie," akasema, "umem-answer ama hujam-answer?"

"Wito wake nimeuitika, Madam. Yeye sijazungumza naye."

Akafikiri, akikamua upindo wa gauni. "Kumbe mtu anaweza answer call bila kum-answer mwenye ameita." Hakucheka. Alisema kama mtu anayeonja mboga mpya na hajaamua.

Mvua ilipokatika, hatua zilikuja nje, nzito za viatu vyenye maji, zikasimama mlangoni. Kila dereva hurudisha ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo kanuni, hata kama gari limebaki mtoni. Chumba kile cha mabati kina mlango mmoja tu. Sikuwa na pa kutokea ila kwa kumpita yeye, na kumpita karibu hivyo ni kosa. Nilisimama, nikachukua sweta langu, nikajibanza ukutani, macho sakafuni.

"Ingia, mzee," Madam akasema. "Pole sana. Bhoke, na wewe unaenda wapi? Zamu yako haijaisha."

Baba mkwe aliingia hatua moja. Niliona viatu vyake tu na dimbwi linalokua pembeni yake. Aliweka ufunguo kwenye ncha ya meza iliyo mbali nami.

"Madam," akasema, na alikuwa anamwambia Madam, ncha za viatu zimemwelekea yeye, "nyumbani kwangu nikiingia mimi hutoka yeye. Ndivyo ilivyo. Lakini hapa ni kwake. Hapa anayetoka ni mimi."

Viatu vikageuka. Alishika mlango wa bati, ambao kila mtu huupiga kwa nguvu ndipo ukubali, akauinua kidogo kwenye bawaba zake, akaufunga nyuma yake taratibu.